Mkutano Uliokosa wa Kuufunga

Nchi ninayotaka kuwasimulia haipo. Niliitafuta kwenye ramani ya ukutani pale shuleni kwetu sikuiona, na mwalimu wa jiografia akanishauri nisiitafute tena kama nawapenda watu wa nyumbani. Kwa hiyo ukisoma humu ukaona mambo yanafanana na ya kwenu, mimi usinilaumu. Mtakuwa nyie ndo mmeiga.

Yenyewe ni nchi ya amani sana. Ina Wizara ya Maji ambayo chooni kwake wanaweka ndoo. Ina Wizara ya Barabara ambayo mvua ikinyesha wafanyakazi wake wanabebwa mgongoni. Halafu ina wizara kubwa kuliko zote, yenye jengo la vioo na lifti inayopanda mpaka juu bila kukwama, Wizara ya Maana ya Maisha. Kazi yake ni moja tu, kuhakikisha kila raia anajua anaishi kwa ajili gani. Mimi naona ni jambo jema. Nchi zingine watu wanaachwa wafikirie wenyewe, wanaumwa vichwa bure.

Sasa hiyo maana huiokoti njiani. Inatolewa na Nyumba Tatu. Kuna Dini ya Kusimama, hao wanasali wamesimama. Kuna Dini ya Kukaa, wanasali wameketi. Na kuna Dini ya Kuinama, hao ukiwakuta wakisali unaweza kudhani wamedondosha kitu. Zamani walikuwa wanapigana mawe, ila siku hizi wanapendana sana, tangu serikali ianze kuwagawia bajeti. Wakuu wao wanaitwa Mtukufu Msimamo, Mtukufu Mkao na Mtukufu Mwinamo. Waziri mwenyewe, Mheshimiwa Dokta Mtandika, ni muumini wa zote tatu. Asubuhi anasimama, mchana anakaa, jioni anainama, na wakati wa kampeni anafanya zote kwa mpigo. Nimemwona kwa macho yangu. Anakuwa kama mtu anayetafuta funguo uvunguni mwa kitanda.

Ambaye hayumo kwenye Nyumba yoyote anaitwa Tupu. Siyo tusi, ni neno la kisheria.

Mama yangu alikuwa Tupu.

*

Kabla sijafika kwa mama, kuna kitu kimoja lazima mkijue, maana bila hicho hamtanielewa. Kule hakuna kinachoanza bila sala ya kufungua, na hakuna kinachoisha bila sala ya kufunga. Kikao cha kugawa mbolea, sala. Kikao cha kuulizana mbolea imeenda wapi, sala mbili. Na anayefungua hafungi. Nyumba ikishafungua, wa kufunga lazima atoke nje ya Nyumba hiyo. Kwa nini? Hakuna ajuaye, na ndo maana inaheshimika.

Mkutano usiofungwa haujaisha, na mtu ambaye mkutano wake haujaisha hawezi kuwa mahali pengine. Ndivyo sheria ilivyo. Kuna bodi moja ya machinjio, mfungaji wao alizimia katikati ya sala. Wajumbe wakabaki mle ndani mpaka alipozinduka. Mmoja aliporudi kwake akakuta mkewe kaolewa na jirani. Hakulalamika. Alijua sheria iko upande wa jirani, yeye alikuwa kikaoni.

*

Bi mkubwa wangu aliitwa Siwema. Mtaani walimwita Mama Misiba, na hakukasirika. Mtu akifa, kabla ndugu hawajapigiana simu, mama ameshafika na kisu chake amekifunga kwenye kanga, anauliza ndizi ziko wapi. Alimenya ndizi kwa Wasimamao, akamenya kwa Wakaao, akamenya kwa Wainamao. Marehemu wa kike akikosa ndugu wa kumwosha, mama anamwosha. Wakati wa sala alikuwa anakaa pembeni, anangoja wamalize, kama unavyongoja mvua.

Siku moja Wizara ikatuma afisa wake nyumba kwa nyumba. Akafika kwetu, akamuuliza mama, "Mama, unaishi kwa ajili gani?"

Mama akamtazama. "Wewe mwanangu, umekula?"

"Hapana mama, tangu asubuhi."

Akampa viazi na chai. Yule afisa akala, akashukuru, akaramba vidole, halafu akaandika: Tupu.

Mimi pia nilimuuliza, nilipomaliza shule. Nilikuwa sina kazi, matokeo yangu yalikuwa ya kusikitisha, asubuhi nikiamka sioni sababu ya kuvaa suruali. Nikamwambia, "Mama, we unaamini nini hasa?"

"Naamini watu wanakufa," akasema, "na wengine hawana ndugu. Hebu nipishe nipite."

Hata mama mzazi wa Waziri Mtandika ni mama yangu aliyemwosha. Yule bibi alikuwa anaishi chumba kimoja mtaani kwetu. Siku anakata roho mwanawe alikuwa ng'ambo, kwenye kongamano la kuwaenzi wazazi. Mama akamwosha, akamkata kucha, akamsuka nywele mistari miwili, akasema haendi kwa watu kichwa kikiwa timutimu. Waziri alifika siku ya tatu na kamera.

Halafu mama naye akafa. Presha. Alikuwa anatoka msibani.

*

Mochwari wakaniambia hawawezi kunipa maiti ya Tupu. Ardhi yote ya makaburi ya raia ni ya Nyumba Tatu, hivyo niende Nyumba mojawapo waipokee. Nikaona si kazi. Hizo Nyumba zote amezilisha.

Kwa Wasimamao nilimkuta katibu wa Mtukufu Msimamo, ana miwani inaning'inia shingoni.

"Marehemu anaweza kujiunga," akasema. "Mlango wetu uko wazi kwa watu wote."

"Asante sana mzee."

"Aje tu asimame mbele ya Mtukufu, aseme nimeingia."

"Mzee, amefariki."

"Pole sana kijana. Sasa, anaweza kusimama?"

"Amefariki, mzee."

"Hilo umeshasema. Mimi nauliza kusimama."

Wakaao walikuwa na utu zaidi. Walisema kukaa siyo shida, hata maiti akiegemezwa vizuri anakaa, shida ni kusema nimeingia. Wakaniuliza kama enzi za uhai wake aliwahi kujizoeza. Wakanipa soda.

Kwa Wainamao nilikwenda na jirani yetu Bi Havijawa. Huyu ni muumini wa kweli, wa Kuinama, magoti yake yana sugu, na ndo alikuwa shoga yake mama wa tangu ujana. Mtukufu Mwinamo alitupokea mwenyewe. Akasema, "Bi Havijawa, hebu fikiria. Tumzike Tupu katikati ya watu wetu, siku ya kuamka aamke, akose pa kwenda, akufuate wewe."

"Atakuwa amenifuata na sahani ya chakula, Mtukufu. Hajawahi kunifuata mikono mitupu."

Mtukufu akasema hayo ni maneno ya majonzi, tukapumzike. Tulipofika kona ya kwetu Bi Havijawa akasimama. "Masumbuko," akaniambia, "Mungu wangu mimi namjua. Huyu bwana sijui ametumwa na nani."

Ikabaki Wizara. Nikawa nashinda getini kwao. Siku moja gari la Waziri likasimama, kioo kikashuka kidogo, kiasi cha pua.

"Wewe ndo wa maiti?"

"Ndiyo, Mheshimiwa. Mama yangu ndo alimwosha mama yako."

Pua ikafikiri. "Mama yangu alizikwa na Nyumba zote tatu kwa heshima zote," akasema. "Habari za kuoshwa sina. Kijana, serikali ina huruma, lakini ardhi yetu ina imani. Ukiiwekea Tupu ndani yake utaichanganya. Mazao yatakuja kutuuliza maswali."

Kioo kikapanda.

Wanasema maana ya maisha inashuka kama mwanga. Kwangu ilikuja hivyo hivyo, pale getini, vumbi la gari likiwa bado mdomoni. Nilitaka yule mtu alimie meno. Nilitaka nimwone anaomba, halafu nimwambie subiri. Tangu siku ile nikawa naamka mapema, nafua shati, navaa suruali bila kuambiwa. Mtu akiniuliza unaishi kwa ajili gani, nilikuwa na jibu zuri tu, lina jina na lina cheo.

*

Basi bwana, ikatokea wafadhili wa kutoka nje wanataka kulipia Kongamano Kuu la Maana ya Maisha, lakini wametoa sharti: na Tupu washirikishwe. Wizara ikachanganyikiwa. Tupu watawapata wapi, wakati wanajificha?

Afisa itifaki, Bwana Tegemea, mtu mwembamba anayetembea kama amebeba yai, akanikuta getini.

"We kijana, eti ni Tupu?"

"Nimekuja kwa ajili ya mama yangu."

"Nakuuliza ni Tupu au siyo Tupu."

"Ni Tupu."

"Shati jeupe unalo?"

Ndivyo nilivyoteuliwa mwakilishi wa kitaifa. Bwana Tegemea akakuna kichwa anipange wapi. Kwa itifaki, mkubwa anafungua, mdogo anafunga. Watukufu wote watatu walitaka kufungua, hakuna aliyekubali kuwa mdogo. Mimi nikawekwa mwisho kabisa, baada ya chakula, wakati ambao watu wanasinzia na wafadhili wameshapiga picha zao wakaondoka. Karibu na jina langu wakaandika: sala ya kufunga.

Wakaona wamenidhalilisha.

*

Ukumbi ulipendeza. Viti vimevalishwa vitambaa vyeupe na mafundo ya utepe mgongoni, kama maharusi waliopigwa na bumbuwazi. Wajumbe wana beji shingoni na mikoba yenye kauli mbiu, Maana kwa Wote, Kila Mtu kwa Nafasi Yake. Mtukufu Msimamo akafungua, mpaka wajumbe wa nyuma wakaanza kuyumba. Mtukufu Mkao akafungua tena, wakapumua. Mtukufu Mwinamo akafungua mara ya tatu, na mzee mmoja aliyeinama hakuweza kuinuka, ikabidi ahutubiwe hivyo hivyo.

Ndipo Mheshimiwa akapanda.

"Ndugu wajumbe," akasema, "maisha bila imani ni kama, ni kama," akageuza ukurasa, "ni kama waziri bila gari."

Makofi.

"Raia ananijia, ananiambia Mheshimiwa, sina dawa. Namuuliza, je, maana unayo? Kwa sababu ukiwa na maana, dawa ya nini? Na ukiwa huna maana, unataka kupona ili iweje?"

Makofi, watu wamesimama, wamekaa, wameinama, kila mtu na dini yake.

"Mimi binafsi sijawahi kuamka asubuhi nikajiuliza naamka kwa nini. Naamshwa."

Wakala. Wafadhili wakapiga picha na mimi, wakasema nina tabasamu zuri, wakawahi ndege. Jua likiwa bado liko juu, Bwana Tegemea akashika kipaza sauti. "Na sasa, kwa heshima na taadhima, namkaribisha mwakilishi wa ndugu zetu Tupu atufungie kwa sala."

Wajumbe wakaanza kukusanya mikoba yao. Nikapanda jukwaani. Nikasimama kimya.

"Karibu," akasema Bwana Tegemea.

"Nimeshakaribia."

"Sali."

"Nimwombe nani?"

Ukumbi ukacheka. Halafu wale wanaofikiri haraka wakaacha kucheka. Halafu kimya kikatembea kiti kwa kiti mpaka mlangoni, na askari wa mlangoni akaushika mlango kwa mikono miwili.

Mheshimiwa akajaribu kutabasamu. "Mtukufu Msimamo, tusaidie."

"Mimi nimefungua. Afunguaye hafungi."

"Mtukufu Mkao?"

"Mimi pia. Sote tumefungua. Humu ndani kila mtu ni wa Nyumba iliyofungua."

"Tulete Tupu mwingine kutoka nje."

"Hakufunguliwa nasi," akasema Mtukufu Mwinamo. "Atafungaje asichokuwemo?"

"Basi kamateni huyu mshenzi."

Askari akapiga saluti. "Mheshimiwa, kukamata ni shughuli mpya, inahitaji sala ya kufungua. Na hatuwezi kufungua shughuli ndani ya shughuli ambayo haijafungwa."

Mheshimiwa akamwinamia Bwana Tegemea, akamnong'oneza, "Mimi nijitoe kwenye dini, nifunge mimi. Kwani ni kazi? Hata leo hii siamini chochote." Kipaza sauti kilikuwa mkononi mwa Bwana Tegemea. Kilikuwa kinafanya kazi vizuri sana, ni cha wafadhili.

Hakuna aliyemtazama mwenzake. Mtukufu Mkao akakohoa, akasema kujitoa nako ni shughuli.

Nikavuta kiti, nikakaa jukwaani, nikafungua chupa ya maji. Sijawahi kunywa maji matamu kama yale.

"Unataka nini, kijana?" akauliza Mheshimiwa.

"Mama yangu azikwe."

"Hilo tumelipokea, litafanyiwa kazi."

"Na kufunga nako nimekupokea, Mheshimiwa. Kutafanyiwa kazi."

Walijaribu. Walinibembeleza, wakanitisha, wakaniahidi ubalozi. Mzee aliyeinama akaomba aende haja, akaambiwa haja iko mahali pengine. Jua likaanza kulala, na Waziri mzima akaja mbele yangu, shati limemganda mgongoni.

"Azikwe," akasema. "Popote utakapo."

"Nimesikia una kiwanja chako cha kaburi kwenye Bustani ya Viongozi. Umeshakizungushia na marumaru."

Akafunga macho. "Kile ni cha kwangu mimi."

"Ndo nasema hicho."

"Sawa."

"Na mchimbe wenyewe. Wewe na Watukufu watatu."

"Mimi sijawahi kushika jembe maishani mwangu."

"Halina kufungua wala kufunga," nikamwambia. "Unalishika tu."

*

Tatizo likawa kutoka, maana mkutano bado uko wazi. Bwana Tegemea, na hapa nampa heshima yake, akapata jibu: wajumbe hawatoki, mkutano ndo unahama. Kesho yake asubuhi, baada ya kulala vitini, kongamano zima likatoka barabarani kama lilivyo, kila mjumbe na beji yake na kiti chake kichwani, kile kitambaa cheupe kinapepea. Watu wakadhani ni harusi. Mochwari, yule bwana aliyeninyima maiti alipomwona Waziri mwenyewe anasema mpe, akatupa bila kuuliza. Bi Havijawa na wanawake wa mtaani wakamwosha mama. Walimsuka pia.

Pale Bustani ya Viongozi nikaweka kiti changu chini ya mwavuli wa wafadhili. Vijana wa mtaani walikuja na majembe yao kama desturi, nikawaambia leo wapumzike, majembe wawape wazee. Mtukufu Msimamo alichimba amesimama, akachoka. Mtukufu Mkao alikuwa anakaa kila baada ya pigo. Mtukufu Mwinamo ndo alikuwa na afadhali, kuinama amezoea. Mheshimiwa alilishika jembe kama nyoka.

"Kona ile haijanyooka, Mheshimiwa."

Akanyoosha.

"Mama alikuwa mrefu."

Akaongeza.

"Tai hiyo itakusumbua, itoe." Akaitoa, akaitafutia mahali pa kuiweka, hakuna aliyempokea, akaivaa kichwani. Malengelenge yalipompasukia akanionyesha viganja kama mtoto. Nikavitazama vizuri. Nikamwambia endelea.

Siwezi kuwadanganya, nilikuwa nina raha.

Tukamshusha mama. Hakukuwa na sala, kwa hiyo watu hawakujua waanze saa ngapi kulia. Bi Havijawa akapiga goti akasali zake kwa sauti ya chini, za moyoni mwake, sikumkataza, mama asingemkataza. Tukafukia. Wanawake walikuwa wameshapika, watu wakala kwenye marumaru ya Waziri.

"Haya," akasema Mheshimiwa, "tufungie sasa."

Nilikuwa nimepanga kufunga. Nakuapia. Lakini nikaziona akilini zile nywele za mistari miwili, siyo za mama, za yule bibi mama yake, ambazo yeye hakuwa na habari nazo.

"Bado," nikasema. "Msiba haujaisha. Masufuria hayo hayajaoshwa."

*

Tangu hapo kongamano likawa linahamia kila msiba. Mtu akifa, mimi nawahi, maana nisipokuwepo wao hawana pa kuwa. Nawapanga: Watukufu kwenye kuchimba, wajumbe kwenye kuni na maji, Waziri kwenye ndizi na vyombo. Wake zao wakawa wanawaletea nguo za kubadilisha. Beji zikapauka mpaka majina hayasomeki. Tupu mwenzangu mmoja akafa, akazikwa na Nyumba zote tatu, wanahema.

Wizara ikabaki haina Waziri. Watu walitegemea nchi ianguke. Haikuanguka, ila lifti ilianza kukwama.

Kila jioni Mheshimiwa alikuwa ananijia, utomvu wa ndizi umemganda vidoleni, anasema, "Masumbuko mwanangu, leo utafunga?" Nami nachukua sufuria naligeuza kwenye mwanga, nasema, "Hili lina masizi bado." Hiyo ndo ilikuwa chai yangu. Kwa ajili ya ile sura yake ya jioni ningeweza kuishi miaka mia.

Halafu jioni moja hakuuliza.

Nikadhani amesahau. Kesho yake hakuuliza tena. Nikamfuata nyuma ya nyumba ya msiba, nikamkuta kati ya wanawake, ana kisu, anamenya bila kutazama, ganda linatoka zima. Anawasimulia kisa cha lifti, wanacheka. Bi Havijawa anamwita mwanangu.

"Mheshimiwa," nikamwambia, "huniulizi leo?"

"Kuuliza nini?" Kisha akakumbuka. "Aa. Hapana, leo kuna kazi. Huyu mzee hana ndugu, nimesema nitamwosha mimi."

Akachukua ndizi nyingine.

"Unajua, Masumbuko," akaendelea, "zamani nilikuwa naamshwa. Siku hizi naamka."

Nikaenda nikakaa peke yangu kwenye kuni. Bi Havijawa akanifuata, anafuta mikono kwenye kanga.

"Una nini?"

"Si huyo. Anafurahi."

"Sasa si ndo vizuri? Amekuwa mtu."

"Bibi, sikumleta awe mtu. Nilimleta ateseke."

"Basi mwanangu, hiyo kazi yako imekushinda." Akacheka mpaka akashika ubavu.

Mimi sikucheka. Yule mtu alimnyima mama yangu shimo la ardhi, halafu anakuja kukalia kigoda cha mama, anashika kisu kama chake, anapata bure kile ambacho mama alikipata bila kuhubiriwa na mtu. Usiku mzima nilijigeuza. Asubuhi nilikuwa nimeshajua adhabu iliyobaki ni ipi.

Tulipomaliza kumzika yule mzee, nikasimama juu ya kiti. "Wajumbe," nikasema, "nataka kufunga."

Kwanza hawakuelewa. Mtukufu Mkao ndo wa kwanza kuelewa, akasimama mwenyewe bila kushikwa mkono.

"Wa kuzikwa amezikwa," nikasema. "Waliobaki tupo. Mkutano umefungwa. Nendeni."

"Na iwe," wakaitikia, wakatawanyika kama kuku waliofunguliwa banda. Mtukufu Mkao alikimbia. Wazee wa pale walisema hawajawahi kuona.

Mheshimiwa alibaki amesimama na ndoo.

"Kesho kuna msiba kule kwa kina Mapunda," akaniambia.

"Najua."

"Nitakuja."

"Huwezi, Mheshimiwa. Mkutano wako umeisha. Una ofisi. Watu wanakungoja uwaambie wanaishi kwa ajili gani."

"Msiba haualikwi, Masumbuko."

"Waziri anaalikwa. Mwenyewe ulitunga sheria, waziri asionekane mahali bila mwaliko wala ratiba."

Bwana Tegemea alikuwa ameshafika, anatembea na yai lake, na walinzi wawili waliochoka kuchota maji. Wakampokonya ndoo kwa heshima, wakampangusa vidole, wakamrudishia tai yake. Alinitazama. Ile ndo sura niliyokuwa naitafuta siku zote, niliikosa pale ukumbini na niliikosa pale kaburini. Nikaitazama mpaka nikashiba.

Wakamwingiza kwenye gari kiti cha nyuma. Kioo kilikuwa chini chote, siyo kiasi cha pua.

"Twende wapi, Mheshimiwa?" akauliza dereva.

Dereva akauliza tena. Gari likabaki pale linanguruma, na yeye ndani anatazama mikono yake. Ningekaa nisikie atasema nini, ila kwa kina Mapunda walikuwa wameshaanza kulia, na mimi sikuwa na muda wa kupoteza.